Kiasi, Sitara na Swichi ya Nyumbani

Wapo watu wadhanio kwamba masuala ya dini na hekima yanakaa mbali na maduka ya vifaa vya umeme, na kwamba mtu aingiapo dukani kununua swichi ya kuunganishia kompyuta, kamera na runinga za nyumbani kwake, hapana la kumwuliza ila bei, kasi na idadi ya matundu. Dhana hiyo haina mizizi mirefu kwetu. Wanavyuoni waliotutangulia hawakuona jambo kuwa dogo hata likakosa hukumu yake. Waliandika milango mizima juu ya maji ya kutawadhia, na wakatufundisha, kwa hadithi iliyo mashuhuri, kwamba mtu asifuje maji hata akiwa ukingoni mwa mto upitao. Ukilitafakari fundisho hilo utaona kwamba halikuwekwa kwa ajili ya mto, kwa kuwa mto haupungukiwi. Liliwekwa kwa ajili ya mkono wa mwenye kutawadha, upate kuzoea kuchota kiasi cha haja yake hata pale ambapo hapana wa kuuzuia. Swichi ya nyumbani ni kitu cha namna hiyo: bei yake siku hizi imeshuka, nguvu zake zimepita haja za watu wengi, na wa kumzuia mnunuzi hayupo ila nafsi yake mwenyewe.

Suala ninalotaka kulitia mizani hapa ni hili: mtandao wa nyumba unapokua, kwa watoto kukua, kwa kazi za ofisi kuhamia nyumbani na kwa kamera kuongezeka ukutani, mwenye nyumba anunue chombo chenye nguvu kiasi gani, na kiasi hicho akipime kwa nini? Wauzaji hukipima kwa uzito wa mfuko, na vijana hukipima kwa kasi; mimi naona kipimo kilicho sawa ni masuulia, yaani mtu achukue nguvu ile ambayo yu tayari kuulizwa juu yake, asiipunguze akawadhulumu wa nyumbani mwake, wala asiizidishe akajitwika mamlaka asiyoweza kuyatunza. Hadithi ifundishayo kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, aghalabu husomewa watawala na wazazi. Sioni sababu ya kuizuia isifike kwenye rafu ya sebuleni ambako taa ndogo za kijani humemeta usiku kucha.

Ili hukumu iwe ya insafu, hatuna budi kwanza kukijua chombo chenyewe. Robert Metcalfe na David Boggs walipoanza kuunda Ethernet mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, kompyuta zote zilishirikiana waya mmoja, na kila lililotumwa lilipita mbele ya kila kompyuta, ile isiyohusika ikitarajiwa kulipuuza. Vifaa vilivyofuata, vilivyoitwa habu, viliiendeleza desturi hiyo: kilichoingia kwa tundu moja kilitokea kwa matundu mengine yote. Mwaka 1990 ndipo kampuni ya Kalpana, ya huko huko California, ilipotoa swichi ya kwanza ya Ethernet ya kuuzwa kibiashara, nayo ilikuwa na matundu 7 tu. Swichi husoma anwani ya kila mtumaji, anwani ambayo ina urefu wa biti 48, ikaandika katika daftari lake kwamba fulani yuko tundu hili na fulani yuko tundu lile; kisha kila ujumbe huupeleka kwa mwenyewe, na asiyehusika haupati. Isipomjua mpelekewa, huupeleka kwa wote, naye akijibu humwandika. Na asiyesikika kwa muda, ambao kwa kawaida ni sekunde 300, humfuta. Kwa hiyo tangu asili yake swichi ni chombo cha kumfikishia kila mtu lililo lake na kumwepusha na lisilo lake, na jambo hili tutalirejea, maana ndilo litakaloamua suala letu.

Katika miji yetu ya pwani haja ya waya haikuzaliwa na anasa. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, zina kuta nene hata nusu mita na zaidi, na mawimbi ya waifai yakigonga ukuta wa namna hiyo hufika upande wa pili yamedhoofu, na yakikuta ukuta wa pili hayafiki kabisa. Mwenye nyumba anayetaka binti yake afanye kazi orofani na mwanawe asome chumba cha uani hana budi kupitisha nyaya, akaweka kituo cha waifai kila orofa, na nyaya hizo zote zikusanyike mahali pamoja. Mahali hapo ndipo swichi inapokaa, na ndipo mnunuzi anapoanza kuhesabu.

Hesabu hiyo ina adabu yake. Wanavyuoni wa usuli wa fikihi, akiwamo Imamu Shatibi wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa maslahi ya watu mafungu matatu: ya dharura, ambayo yakikosekana maisha huharibika, ya haja, ambayo yakikosekana maisha huwa mazito, na ya kupamba, ambayo yakikosekana hapana ila upungufu wa uzuri. Mgawanyo huo ulikusudiwa sheria, wala sidai kwamba waya wa runinga una hukumu katika usuli, bali mpango wake wa fikra waweza kuazimwa na kila mwenye kununua. Tuseme nyumba ina vituo viwili vya waifai, kamera nne, kompyuta ya kazi, runinga, na seva ndogo ya kuhifadhia picha na hati za aila. Hivyo ni vifaa 9, na pamoja na waya wa kwenda kwenye ruta, ambao wengi huusahau, matundu yanayotakiwa ni 10. Swichi huuzwa kwa matundu 5, 8, 16, 24 na 48. Ya 8 haitoshi, na ya 16 inabakisha 6. Hapo mtu mwenye kinaa hutazama nyuma ya ruta yake, akaona matundu 4 ambayo hayajaguswa tangu ilipoletwa, akatia runinga na kompyuta humo, na swichi ya 8 ikamtosha pasi na kubaki kitu. Mwenye kutarajia kituo cha tatu cha waifai mwakani hununua ya 16, naye hana lawama. Lawama ni ya yule ambaye hakuhesabu, akanunua ya 48 kwa kuwa jirani anayo.

Nimewaona watu wakizipenda swichi kuukuu zilizotoka maofisini, zile ndefu za chuma zenye matundu 24 au 48, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Bei hiyo ina ghururi ndani yake. Chombo cha namna hiyo kilitengenezewa chumba chenye kiyoyozi, na feni zake hulia mchana na usiku kama anayeishi nacho hana masikio; na kikila wati 60 kwa saa zote za mwaka, kitakula yuniti 525 na ushei, ilhali kidogo cha matundu 8 kinachokula wati 5 hakitafika yuniti 44. Aliyeokoa fedha dukani atazilipa kwa shirika la umeme mwezi baada ya mwezi, na fauka ya hayo atayalipia matundu arobaini yasiyo na waya, ambayo yapo kwa ajili ya kumtuliza moyo tu. Ni hali hiyo hiyo kwa kasi. Swichi ya gigabiti moja kwa sekunde, kasi iliyowekewa kanuni juu ya waya wa shaba mwaka 1999, inashinda mara nyingi laini ya intaneti ya nyumba ya kawaida. Mtu mwenye laini ya megabiti 50 akinunua swichi ya gigabiti mbili na nusu hatapata intaneti ya kasi zaidi hata kwa nukta moja. Kasi hiyo humfaa yule anayehamisha mafaili makubwa baina ya kompyuta na seva ndani ya nyumba yake, na kama hana seva, amenunua barabara pana isiyo na msafiri.

Lakini israfu ina ndugu yake, na Kurani katika Suratul Furqan inawasifu waja ambao wanapotoa hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali husimama katikati ya hayo. Aristotle naye aliiweka fadhila baina ya maovu mawili, moja la kuzidisha na moja la kupunguza. Bakhili wa mtandao ni yule ambaye kila waya unapozidi hununua swichi ndogo ya matundu 5, akaichomeka kwenye nyingine, na hiyo kwenye nyingine, hata nyuma ya kabati pakawa na visanduku vinne na vichwa vinne vya umeme vinavyopata moto, na nyumba nzima ikapitia tundu moja jembamba kufika kwenye ruta. Hatari iliyo kubwa zaidi ni duara. Mtoto akiokota ncha ya waya iliyolala sakafuni, asijue kwamba ncha ya pili tayari imo ndani ya swichi, akaichomeka kwenye tundu lililo wazi la swichi ile ile, basi ujumbe uliotumwa kwa wote utazunguka, utaongezeka, utazunguka tena, na kwa muda wa kufumba na kufumbua taa zote zitawaka kwa pamoja na hapana kitakachopita. Radia Perlman, mhandisi wa Kimarekani, aliunda mwaka 1985 kanuni inayoziwezesha swichi kuitambua njia iliyorudia na kuifunga, na kanuni hiyo imo katika swichi zenye usimamizi. Swichi nyingi za bei ya chini haziijui. Aliyejibana mahali pasipo pake amewauzia wenziwe usumbufu, kwa maana siku nyumba inapozimika kwa duara, anayekosa mtihani wake au mkutano wake wa kazi si yeye bakhili.

Hapa msomaji ataniambia: je, kujiwekea akiba si busara, na Nabii Yusuf hakusifiwa kwa kuhifadhi nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame? Naam, alisifiwa, walakini angalia kwamba aliweka akiba kwa kipimo alichofunuliwa, miaka kwa idadi yake, na aliiweka ikiwa bado masukeni, isipokuwa kidogo cha kula, kwa kuwa hivyo ndivyo idumuvyo. Busara yake ilikuwa katika kujua kitu gani kihifadhiwe na kwa namna gani. Tukilitumia fundisho hilo nyumbani, tutaona kwamba vitu viwili vimechanganywa ambavyo havifanani: waya uliomo ukutani na kisanduku kilichopo rafuni. Kuchimba ukuta wa chokaa mara ya pili ni gharama, ni vumbi la siku nyingi, na katika Mji Mkongwe, ambao uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, ni jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kulifanya kila apendapo. Kisanduku hubadilishwa kwa dakika kumi. Basi akiba iwekwe ukutani: mahali pa waya mmoja zipite mbili, ziwe za daraja la juu kuliko haja ya leo, na ncha zake zifunikwe zisiliwe na chumvi ya bahari; kisha kisanduku kinunuliwe kwa kadiri ya leo na kesho iliyo dhahiri. Mtu anayetumia hadhari yake pale pasiporekebishika, akawa na kinaa pale parekebishikapo, amekusanya fadhila mbili ambazo watu huzidhani ni maadui.

Lipo jambo moja zaidi la vipimo linalostahili kutajwa, kwa sababu linahusu ukweli wa ahadi. Swichi nyingine hupeleka umeme ndani ya waya ule ule wa mtandao, hata kamera iliyo juu ya mlango isihitaji waya wa pili. Kanuni ya mwaka 2003 iliruhusu tundu moja kutoa wati 15.4; ya mwaka 2009 ikapandisha hadi wati 30; na ya mwaka 2018 ikafikisha 90. Mnunuzi husoma juu ya sanduku kwamba kila tundu laweza kutoa wati 30, akazidisha kwa 8 akapata 240, akafurahi. Bali ndani ya sanduku, katika karatasi iliyokunjwa kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba jumla ya umeme wote ni wati 60. Hapana uongo hapo, kwa kuwa kila tundu laweza kutoa 30, maadamu mengine hayakuomba. Ila aliyeahidi kila mmoja bila ya kuwajumlisha wote amefanya ahadi ambayo itavunjika siku wote watakapokuja pamoja, na siku hiyo swichi itazima tundu lililowekwa daraja la chini, ambalo pengine ndilo la kamera ya mlangoni. Hesabu ya matumizi ya kila kifaa, jumla yake, na ziada kidogo ya salama, ndiyo dawa. Nayo ni hesabu ambayo mwenye watoto wengi na mshahara mmoja aliijua kabla ya kuwako swichi.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Swichi ni za namna mbili: ya kawaida, ambayo huchomekwa ikafanya kazi bila ya kuulizwa wala kuamriwa, na yenye usimamizi, ambayo mwenyewe huingia ndani yake kwa neno la siri akaipa amri. Fundi wa mtaani atakushauri uchukue yenye usimamizi, kwa kuwa tofauti ya bei si kubwa, na nyumba ikikua utaihitaji. Ushauri huo una haki ndani yake. Kamera za bei nafuu zina programu ambazo watengenezaji aghalabu huacha kuzirekebisha, na mgeni anayeomba intaneti huja na simu usiyoijua imebeba nini. Haifai vyombo hivyo vikae uwanja mmoja na hati za benki na picha za aila. Wajenzi wa nyumba za kale za Lamu walilijua hilo kwa njia yao: mgeni hupokewa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, aliye karibu zaidi huvuka akaingia kiwandani, yaani ua wa ndani, jamaa hufika katika misana, yaani kumbi zinazoufuata ua, na ndani hapafiki ila wenyewe; hata mlango wa mbele ukiwa wazi, jicho la mpita njia haliwezi kufika ndani, kwa kuwa njia imepindwa makusudi. Kanuni ya mwaka 1998 iliyowezesha swichi moja kugawanywa ikawa mitandao mingi isiyoonana hufanya kazi iyo hiyo. Inaruhusu migawanyo hata 4094, na nyumba haihitaji zaidi ya mitatu: wa wenyeji, wa wageni, na wa kamera na vyombo, ila ruta nayo lazima iwe inaijua kanuni hiyo, la sivyo swichi itapinda njia na ruta itainyoosha. Kwa kazi hii, swichi yenye usimamizi ni chombo cha sitara, na mwenye kuinunua kwa nia hiyo amefanya wema.

Bali chombo hicho hicho kina uwezo mwingine. Mwenye neno la siri aweza kuiamuru inakili kila kipitacho katika tundu moja na kukitoa katika tundu jingine, bila ya mwenye tundu la kwanza kujua lolote. Uwezo huo uliwekwa ili fundi atafute hitilafu. Mtoto wa ndugu yangu alinijia nao siku moja, sanduku mkononi, akaamkia, akaketi.

"Ami," akasema, "fundi kaniambia hii yaweza kuninakilia kila kinachopita chumbani kwa kijana wangu. Usiku namsikia anacheka peke yake mpaka saa nane."

"Naye utamwambia kwamba unanakili?"

"Nikimwambia, Ami, si ataacha?"

"Na akiacha, mwanangu, si ndilo ulitakalo? Basi kumbe hulitaki. Unalotaka ni kujua."

Alinyamaza, kisha akaleta hoja ambayo ni ya haki: kwamba yeye ni baba, na baba ni mchunga, na mchunga ataulizwa. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, kwa kuwa hatari zilizomo katika intaneti si za kubuni, na mzazi anayefumba macho kwa kisingizio cha sitara amekimbia zamu yake. Lakini tuangalie Suratul Hujurat inavyolipanga jambo: kwanza inakataza dhana nyingi, kisha kupeleleza, kisha kusengenya, na mpango huo si wa bahati, kwa kuwa dhana huzaa upelelezi, na aliyepeleleza hana raha mpaka amemwambia mtu. Fauka ya hayo, mazungumzo mengi ya intaneti siku hizi yamefungwa kwa usiri. Anayenakili tundu la mwanawe hataona maneno wala picha, ataona majina ya mahali, saa na wingi, yaani kiasi kinachotosha kuzaa dhana na kisichotosha kuzaa yakini. Atakuwa ametenda kosa la pili ili kulisha la kwanza.

Inasimuliwa, na Imamu Ghazali ameitaja katika kitabu chake Ihya, kwamba Sayyidna Umar, naye ni khalifa mwenye amri juu ya mji mzima, aliparamia ukuta wa nyumba ya mtu usiku akamkuta katika maasi. Alipomkemea, mtu yule alijibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu katika jambo moja, khalifa amemwasi katika matatu: amepeleleza ilhali upelelezi umekatazwa, ameingia kwa ukutani ilhali nyumba zimeamriwa ziingiwe kwa milangoni, na ameingia pasi na kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar hakubishana naye. Alimwacha kwa sharti la kutubu. Ninalolipata katika kisa hiki ni kwamba haki ya kukemea ilikuwapo kweli, na mamlaka yalikuwapo kweli, na uovu ulikuwapo kweli. Na juu ya yote hayo njia ya ukutani ilibatilisha kila kitu. Baba naye ana milango mingi. Aweza kumwambia mwanawe, kabla, kwamba intaneti ya chumba hicho hufungwa saa nne ya usiku, na swichi yenye usimamizi yaweza kulifunga tundu hilo saa hiyo kila siku bila ya ugomvi. Aweza kuzuia mahali paovu kwa nyumba nzima, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuzuiwa, na kila mtu akajua. Aweza kubisha hodi, akaketi kitandani, akauliza, "Unacheka nini, baba? Nichekeshe na mimi." Kanuni iliyo wazi hulea, jicho lililofichwa hufundisha tu kujificha vizuri zaidi.

Tena nyumba si ya baba na mwana peke yao. Yumo binti anayefanya kazi ya siri za watu, yumo mke mwenye mazungumzo na dada zake, yumo mtumishi ambaye simu yake hushika waifai ya nyumba kwa ruhusa, akaongea na mama yake aliye mbali. Hao hawakuwekeana mkataba na yeyote kwamba mwenye neno la siri atajua kila saa wanazungumza na nani. Mtumishi hasa, asiyeweza kupinga kwa kuogopa kazi yake, ndiye ambaye sitara yake ina deni kubwa juu yetu. Maana haki ya mwenye nguvu hujilinda yenyewe, na ya dhaifu haina mlinzi ila dhamiri ya anayeweza kuivunja.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba israfu iliyo mbaya katika ununuzi huu ni ya mamlaka, na ya matundu ni ndogo mbele yake. Aliyenunua swichi yenye usimamizi amejitwika wajibu: alibadilishe neno la siri lililotoka nalo kiwandani, ambalo aghalabu kila mtu anaweza kulisoma katika kitabu cha maelezo, aisasishe programu yake kila inapotolewa mpya, aandike mahali tundu gani ni la nani, ili akifa au akisafiri ahali yake wasibaki gizani, na awaeleze wa nyumbani inafanya nini na haifanyi nini. Aliye tayari kwa haya ainunue, hata kama matundu ni manane tu. Asiye na wasaa nayo, wala maarifa, wala nia ya kuyapata, ni bora achukue ile ya kawaida isiyo na amri, kwa kuwa kisanduku kisichoamrika hakimsaliti mtu, ilhali chenye mamlaka kilichoachwa na neno la siri la kiwandani kimemkabidhi mgeni ufunguo wa kila chumba.

Atakuwako atakayesema kwamba haya ni wasiwasi, na kwamba nyumba yenye kamera nne na runinga moja si himaya hata ipigiwe mizani ya makhalifa. Namjibu kwamba swichi za kampuni za simu na za serikali, ambazo mazungumzo ya mamilioni hupitia, zina uwezo ule ule wa kunakili, kwa kanuni zile zile, na hutofautiana na ya sebuleni kwa ukubwa tu. Wanaokaa mbele yazo walilelewa katika nyumba. Aliyeona tangu utotoni kwamba kuweza kutazama ni ruhusa ya kutazama, hapana sheria itakayomtosha siku atakapopewa ufunguo ulio mkubwa; na aliyelelewa na mzazi mwenye kuweza, ambaye alijizuia na akabisha hodi, atakuwa ameiona hukumu ya jambo hilo ikitendwa kabla hajaisoma katika kitabu chochote.